Vakansi Iturudishie Watoto Wakiwa Wazima

Mwanzo wa mwezi wa 7, shule zikisha kugawa buletini, barabara ya kutoka Lubumbashi kuja Kasenga inajaa watoto. Wengine wanafuatana na shangazi, wengine wamewekwa mikononi mwa shofa anayejuana na familia. Kasomeno wanateremka kidogo, wananunua mahindi ya kuchoma, wanaendelea mpaka kwenye mto. Huku wanangojwa na nkambo, na bukari ya moto, na samaki aliyetoka majini asubuhi ile ile. Mtoto wa mji anajifunza mambo ambayo sisi walimu hatuwezi kuyaandika ubaoni: kupiga kasia, kutengeneza wavu, kusalimia wakubwa kwa Kibemba chenye heshima. Miezi hii miwili ni mizuri. Hakuna anayetaka kuifuta.

Lakini kuna vakansi ambazo ziliisha vibaya. Kwa mwalimu, siku ya kwanza ya masomo ni siku ya kuita majina. Jina likiitwa na hakuna anayeitika, darasa zima linanyamaza. Ndiyo maana juma hili, mbele ya watoto kufunga mabegi, tuzungumze juu ya safari zilizogeuka msiba, na hasa safari za majini. Sisi wa Kasenga maji ndiyo barabara yetu. Luapula ni mpaka wetu na Zambia, na pia ni njia ya kwenda kwa ndugu zetu. Anayekwenda Kilwa, anayepita ziwa Moero, anayevuka kumsalimia shemeji ng'ambo, wote wanapanda chombo.

Nitaeleza habari za mbali na za karibu, kisha tuone tunachoweza kufanya kwa mikono yetu wenyewe.

Usiku wa Spice Islander

Mwaka 2011 mfungo wa Ramadhani uliisha mwisho wa mwezi wa 8. Kule Zanzibar, kama kwetu wakati wa Noeli, familia zinakwenda kusherehekea pamoja, kisha kila mmoja anarudi kwake. Usiku wa tarehe 9 mwezi wa 9, watu wengi waliomaliza sikukuu walikuwa bandarini Unguja, wanataka kurudi kisiwa cha Pemba. Chombo kilichokuwapo kilikuwa meli ya zamani, MV Spice Islander, iliyojengwa katika miaka ya 1960. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria kama 600.

Watu waliingia, mizigo ikaingia, watu wakaingia tena. Wengine waliokuwa bandarini waliiangalia ile meli, wakaona imelemewa, wakakataa kupanda. Tukumbuke watu hao, tutarudi kwao.

Meli iliondoka saa 3 ya usiku hivi. Kisha saa 6 ya usiku kupita, ikiwa mbele ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ilianza kuingiza maji, ikalala upande, ikazama. Kati ya mizigo kulikuwa na magodoro. Watu waliopona walieleza jinsi walivyoyashikilia magodoro hayo giza lote, mpaka mashua za wavuvi zilipofika. Watu mamia waliokolewa. Maiti 203 ziliopolewa. Lakini tume ya serikali iliyochunguza ilitoa ripoti mwanzo wa mwaka 2012, ikasema kwamba ndani ya meli ile kulikuwa na watu zaidi ya 2,000, na zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena.

Angalieni vizuri: chombo cha watu 600 kilibeba zaidi ya 2,000. Bahari haikufanya ubaya wowote wa ajabu usiku ule. Ubaya ulikuwa umekwisha kufanyika bandarini, taa zikiwaka, watu wakiona.

Miezi 10 baadaye, tarehe 18 mwezi wa 7 mwaka 2012, meli nyingine, MV Skagit, ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Siku hiyo kulikuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Kwa hiyo hata chombo kisicholemewa sana kinaweza kushindwa, kama kimetumwa kwenye maji siku isiyofaa.

Nyumbani kwetu Congo

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya bahari ya mbali. Mwezi wa 12 mwaka 2014, sikukuu za mwisho wa mwaka zikikaribia, meli MV Mutambala ilipinduka usiku kwenye ziwa Tanganyika, katika Katanga yetu ya wakati ule. Watu 129 walikufa.

Mwezi wa 4 mwaka 2019 chombo kilizama kwenye ziwa Kivu, upande wa Kalehe. Watu kama 150 hawakuonekana. Rais Félix Tshisekedi alifika mwenyewe kuwafariji wenye msiba, akatoa amri kwamba kila abiria wa majini avae jile ya kuokolea. Amri nzuri, na iko mpaka leo.

Miaka 5 ikapita. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, MV Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo mama wa biashara, wanafunzi, wagonjwa, wote walikimbilia majini. Chombo kilikuwa cha watu 80 hivi. Gavana wa Kivu Kusini alisema kwamba kilikuwa kimebeba watu 278. Kilipinduka mchana, mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiwa wamesimama ufukweni wanaangalia. Wengine walikuwa wamekuja kupokea wageni wao. Walikufa makumi ya watu.

Amri ya rais iliandikwa, lakini mtoto akiwa ndani ya maji karatasi haimwinui. Jile ndiyo inayomwinua, kama amevaa.

Juu ya nini chombo kinapinduka

Tulielewe jambo hili, kwa sababu anayeelewa anaweza kukataa akiwa na maneno mdomoni, na wala si kwa woga tu.

Chukua sahani ya bati, iweke juu ya maji ndani ya beseni. Weka mawe madogo chini, katikati. Sahani inatulia. Sasa simamisha chupa juu ya mawe yale. Ukiigusa kidogo tu, sahani inalala na kupinduka. Uzito haukuongezeka sana, lakini umepanda juu. Ndivyo ilivyo kwa mtumbwi na kwa mashua. Mizigo ikiwa chini na watu wakikaa, chombo kikiyumba kinarudi chenyewe. Magunia yakipangwa mpaka juu, na watu wakikaa juu ya magunia, wimbi dogo linatosha.

Jambo la pili ni ubavu unaobaki juu ya maji. Kila mtu anayeongezeka anakishusha chombo kidogo. Ukiona maji yamekaribia ukingo, jua kwamba wimbi la kawaida, lile linaloletwa na chombo kingine kinachopita, litaingia ndani.

Na hapo linakuja jambo la tatu. Maji yakisha kuingia hayakai mahali pamoja. Chombo kikilala kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto, yanakivuta zaidi. Ndiyo maana vyombo vingi vinaonekana vizuri kwa muda mrefu, kisha vinapinduka kwa dakika moja. Mtu anayetupa maji nje kwa kopo tangu mwanzo wa safari hafanyi kazi ya kuchekesha. Na ukiona anatupa maji bila kupumzika, uliza chombo kimetoboka wapi.

Hatari ya kufika

Kuna jambo moja linalorudi katika habari hizi, na nadhani ndilo linalopaswa kukaa kichwani mwa kila mama. MV Merdi ilizama ikiwa mbele ya bandari. Tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, kwenye ziwa Victoria huko Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya watu 101. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 220 walikufa, na nchi nzima ikaomboleza.

Kwa nini karibu na kufika? Kwa sababu chombo kikikaribia, watu wanasimama. Kila mtu anachukua mzigo wake, anataka kuteremka wa kwanza, anasogea upande wa kutokea. Watu waliokuwa wamekaa katikati sasa wamesimama upande mmoja. Ni ile chupa juu ya sahani.

Kwa hiyo fundisho la kwanza la kumpa mtoto ni hili, na linamfaa hata wa miaka 5: chombo kikikaribia, kaa chini. Tunasimama tukisha kuambiwa, mmoja mmoja. Mfundisheni nyumbani, kwenye mkeka, kama mchezo. Watoto wanne wakae mmoja nyuma ya mwingine, mkubwa awe kapita, aite jina moja moja. Wakicheza mara tatu hawatasahau.

"Siku yake ilifika"

Tunapozika, tunasikia neno hili: siku yake ilifika, Mungu amempenda. Wala sitaki kumnyang'anya mwenye msiba neno linalomfariji. Kwenye kilio si mahali pa kufundisha.

Lakini mbele ya safari neno hilo linaweza kuwa hatari. Wale watu wa Unguja waliokataa kupanda Spice Islander, je, walipingana na Mungu? Walitumia macho aliyowapa. Waliiangalia meli, wakaona, wakabaki. Pengine walipoteza makuta ya tiketi. Pengine walichekwa na waliopanda. Walilala bandarini, na kesho yake walikuwa hai.

Kukataa ni kugumu, tunajua. Unafika ufukweni na watoto watatu na gunia la mahindi. Feza ya kurudi haiko. Mwenye chombo anasema: "Mama, panda, tunaondoka, ni wewe tu unatukawiza." Watu wote wanakuangalia. Shemeji ng'ambo amekwisha kupika. Katika hali hiyo hata mtu mwenye akili anapanda. Ndiyo maana uamuzi usingojee ufukweni. Ufanyike nyumbani, siku moja mbele, pamoja na baba wa watoto: tukikuta chombo kimejaa, tunangoja kinachofuata, tukikuta usiku umeingia, tunalala. Na feza ya kulala siku moja iwekwe pembeni, imefungwa kwenye kitambaa, isiguswe kwa jambo lingine. Feza hiyo ndogo ndiyo inayompa mama nguvu ya kusema hapana.

Maswali 7 mbele ya kupanda

Kateni ukurasa huu, muweke kwenye mfuko wa safari.

1. *Watu wangapi?* Muulize kapita chombo chake kinabeba watu wangapi, kisha hesabu mwenyewe. Mtoto mchanga mgongoni naye ni mtu. Gunia kubwa la mahindi lina uzito wa mtu mzima, kwa hiyo nalo lihesabu.

2. *Ukingo uko wapi?* Angalia chombo kikisha kupakiwa. Kama maji yamekaribia ukingo kikiwa kimesimama, safarini yataingia.

3. *Mizigo iko wapi?* Mizito chini na katikati. Kama watu wamekaa juu ya mizigo, ngoja kingine.

4. *Ni saa ngapi?* Serikali yetu imekataza mara nyingi vyombo kusafiri usiku. Spice Islander na Mutambala zote zilizama usiku. Mchana, mvuvi anaweza kukuona. Usiku anaisikia sauti tu, na hajui inatoka wapi.

5. *Upepo unasemaje?* Usimuulize kapita peke yake, yeye anataka kuondoka. Waulize wavuvi. Ukiona wavuvi wamevuta mitumbwi yao nchi kavu, wewe unakwenda wapi?

6. *Jile iko wapi?* Iwe imevaliwa. Jile iliyofungiwa chini ya mizigo haina kazi.

7. *Majina yameandikwa?* Kama kapita haandiki, andika wewe. Karatasi moja yenye majina ya watoto, umri, chombo, saa ya kuondoka, imuachie mtu anayebaki ufukweni. Kule Zanzibar tume ilihitaji miezi kukadiria ni watu wangapi walikuwa ndani ya meli. Msiba usio na hesabu ni mbaya kuliko msiba mwingine, kwa sababu familia hazijui kama zilie au zingoje.

Mwaka huu kuna jambo lingine la kuangalia. Mwisho wa mwezi wa 7, ng'ambo ya Luapula, kule Mwansabombwe, ndugu zetu Walunda wa Mwata Kazembe wanafanya sherehe ya Mutomboko. Ni sherehe kubwa na nzuri, na wengi wetu tuna damu huko. Lakini siku kama hiyo kila mtu anataka kuvuka asubuhi moja na kurudi jioni moja. Anayeweza avuke siku mbili mbele, na arudi siku mbili nyuma.

Jile na bidoni

Tuseme ukweli: kwenye mitumbwi mingi ya kwetu jile hazionekani, na zikionekana ni za wakubwa. Mtoto mdogo akivalishwa jile ya mtu mzima na kuanguka majini, jile inapanda juu, yeye anateleza chini. Ukimvalisha, funga kamba zote, kisha ishike jile mabegani na kuiinua. Kama inapanda mpaka masikioni, ni kubwa, haimfai.

Penye ukosefu wa jile, kila mtu wa Kasenga ana bidoni. Bidoni tupu ya lita 20, kifuniko kikikazwa vizuri, inaweza kumweka mtu mzima juu ya maji akiishikilia. Familia inayovuka na bidoni mbili tatu tupu, zilizofungwa kamba ya kushikia, ina nafasi zaidi kuliko familia isiyo na kitu. Lakini tusidanganyane. Mikono ya mtoto inachoka, na mtoto aliyeogopa anaachia. Bidoni ni afadhali kuliko mikono mitupu, haiwi jile.

Na mtu akianguka, kumbukeni mambo matatu. La kwanza: anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu hana pumzi ya kupigia. Mtoto aliyenyamaza majini ndiye wa kuangaliwa. La pili: usiruke kumfuata kama hukujifunza kuokoa, maana atakushika na mtazama wawili. Mtupie bidoni, kamba, au mnyoshee kasia. La tatu: akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu ili maji yatoke. Unapoteza muda. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie hewa mdomoni mara 5. Kama bado, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, mpulizie mara 2, endelea hivyo bila kuacha, huku mwingine akikimbilia kituo cha afya.

Maji yanaharibu vakansi hata bila kuzamisha

Tukiwa kwenye maji, tusisahau magonjwa yake. Kolera inajulikana sana katika vijiji vya Luapula na Moero, na mtoto wa mji anayekunywa maji ya mto kama alivyoona wengine wanafanya anaweza kuugua kwa siku moja tu. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kula na baada ya choo. Samaki aive mpaka ndani.

Mtoto akianza kuhara maji mengi kama maji ya mchele, usingoje kesho. Njiani kuelekea kituo cha afya mnyweshe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila kilima. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika aendelee. Mgonjwa wa kolera anauawa na ukosefu wa maji mwilini, na maji haya yanamshikilia mpaka afike kwa munganga.

Kuna pia bilharzia, inayokaa kwenye maji yaliyotulia, penye majani na konokono wadogo. Haionekani vakansini. Inatokea majuma au miezi nyuma, mtoto akiwa amekwisha kurudi Lubumbashi: anakojoa damu, au ana damu katika choo, tumbo linamuuma, darasani anasinzia. Mama akimpeleka hospitali aseme wazi: mtoto huyu alioga Luapula. Neno hilo moja linamsaidia munganga kujua cha kupima, na dawa yake iko.

Na mamba. Watoto wa Kasenga wanajua mahali pa kuoga na mahali pa kukimbia, wageni hawajui. Mgeni asiende mtoni peke yake, asiende alfajiri wala jioni giza likiingia. Anayechota maji asirudie kila siku mahali pamoja saa ile ile, kwa sababu mamba anajifunza desturi yetu kuliko tunavyojifunza yake.

Kapita naye ni mzazi

Ni rahisi kumlaumu mwenye chombo. Lakini tufanye hesabu yake. Esanse ni bei kali. Akiondoka na nusu ya watu, hapati hata ya kununua esanse ya kurudi. Nyumbani ana watoto, na minerval yao inamngoja kama inavyotungoja sisi. Kwa hiyo anangoja chombo kijae, kisha anaongeza watatu, kwa sababu hao watatu ndio faida yake. Na sisi tunamsukuma: tunabishana bei, tunataka mtoto wetu asilipe, tunaongeza gunia wakati anaangalia pengine. Chombo kinalemewa kwa mikono ya watu wengi.

Tunaweza kuanza na jambo dogo. Chama chetu kina likelemba, na tunajua nguvu yake. Imejenga nyumba, imelipa masomo, imezika watu wetu kwa heshima. Ninapendekeza kwamba katika mzunguko mmoja, kila mama atoe kidogo pembeni, tununue jile 10 za watoto, za ukubwa mbalimbali. Zikae kwa mama mmoja karibu na ufuko. Familia inayovuka na watoto inaziazima, inaandikwa kwenye daftari, inazirudisha. Jile moja inaweza kuvusha watoto wengi katika vakansi moja.

La pili ni kuongea na makapita wenyewe, tuwaalike kikao kimoja mbele ya vakansi. Tusiende kuwagombeza. Tuwaambie: sisi wamama ndio wateja wenu. Anayeandika majina, asiyepakia kupita kiasi, asiyeondoka usiku, tutapanda kwake, na tutawaambia ndugu zetu wa Lubumbashi wapande kwake, hata kama bei yake inapita ya wengine kidogo. Mfanyabiashara anaelewa lugha hiyo kuliko amri.

La tatu ni letu sisi wenyewe. Mama akisema ufukweni, "mimi na watoto wangu tunangoja kinachofuata," tusimcheke. Tusimame naye. Mtu mmoja akikataa anaonekana mwoga. Wakikataa watu 6, kapita anateremsha magunia.

Wamama wapendwa, waacheni watoto waje. Wajue mto wao, wajue nkambo zao, wale samaki mpaka washibe. Kisha mwanzo wa mwezi wa 9 tukutane kwenye mlango wa shule, na kila jina litakaloitwa liwe na mtoto wa kuitika.

Vakansi njema.